Virusi Gani?

Kinywa ni jumba la maneno, walinena wahenga. Ila hawakutaja kuwa jumba hilo lina vyumba ambavyo hata msomi hajavifungua. Hayo aliyagundua mwanafunzi mmoja wa Kiswahili, mwenyeji wa Gatwekera huko Kibera, mnamo Januari 2021, kwa sababu ya karatasi moja iliyobandikwa kwenye lango la shule ndogo ya mabati mtaani Kawangware.

Itakumbukwa kuwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye, Rais Uhuru Kenyatta aliamuru shule na vyuo vifungwe, na kijana huyo akarejea nyumbani na begi lake la vitabu. Tangu hapo, Wizara ya Afya iliposoma redioni idadi ya sampuli zilizopimwa na ya watu waliopatikana na ugonjwa, jamaa zake walisikiliza takwimu. Yeye alinakili istilahi. Karantini, kitakasa mikono, dalili, chanya, hasi. Neno barakoa ndilo lililomfurahisha zaidi, kwani lilikuwa jina la vazi la uso la wanawake wa Pwani, na sasa lilikuwa limepanda bara kufanya kazi mpya.

Upimaji wenyewe ulikwepwa na wengi. Mwanzoni mwa Mei 2020, wahudumu wa afya walipofika Kawangware kuwapima watu bila malipo, waliojitokeza walikuwa wachache kuliko ilivyotarajiwa. Je, huo ulikuwa ujinga? La hasha! Hofu yao ilikuwa na hesabu. Aliyepatikana na ugonjwa angetengwa, na waliokaribiana naye wangepelekwa karantini, ambako watu walikuwa wakidaiwa gharama za malazi na chakula. Mwezi uo huo serikali ilitangaza kwamba ingelipia gharama hizo katika vituo vyake. Hata hivyo, habari njema hutembea kwa miguu ilhali hofu hupanda pikipiki. Kwa kibarua, siku kumi na nne bila kazi ni siku kumi na nne bila unga.

Baada ya madarasa machache kutangulia mnamo Oktoba 2020, shule zilifunguliwa kwa wanafunzi wote tarehe 4 Januari 2021. Masharti yalikuwa barakoa, kunawa mikono na kupimwa joto langoni. Mjomba wa kijana huyo, aliyekuwa mwalimu mkuu wa ile shule ya Kawangware, alimpigia simu.

"Mpwa wangu, wewe ndiwe msomi wa lugha. Tuandikie tangazo ambalo wazazi wataliheshimu."

Kijana aliandika usiku kucha. Asubuhi alipanda hadi Barabara ya Ngong, akafika Dagoretti Corner, akashika Barabara ya Naivasha kwa miguu, karatasi ikiwa mfukoni. Tangazo lilisema: "Mwanafunzi yeyote atakayebainika kuwa na virusi, au ambaye matokeo ya kipimo chake yatakuwa chanya, hataruhusiwa shuleni hadi apate idhini ya daktari." Mjomba alilisoma mara mbili, akatabasamu kwa fahari, akalibandika.

Wiki ya pili, mvulana mmoja wa darasa la tano hakuonekana. Ijumaa ilipofika, mwalimu aliandamana na mpwa wake hadi Gatina, kwenye chumba alimoishi mtoto huyo na nyanya yake.

"Shikamoo, nyanya," kijana alisalimu.

"Marahaba, mjukuu wangu. Mwalimu, usijisumbue. Tangazo nilisomewa. Mtoto atakaa nyumbani."

"Ni mgonjwa?"

"Si mgonjwa. Anameza dawa zake kila siku, hajaruka hata moja. Lakini mmeandika kwamba wenye virusi hawatakiwi, na daktari wake alishaniambia kwamba hivi haviondoki mwilini, hutulizwa tu. Hiyo idhini nitaitoa wapi?"

Ulimi wa kijana uliganda. Alikuwa amelikulia neno hilo. Huko Kibera, kama ilivyokuwa Kawangware, mtu aliposema "fulani ana virusi," hakuna aliyeuliza ni vya nini. Kwa miaka mingi kabla ya korona, neno hilo lilikuwa limebeba UKIMWI, likabeba mayatima wake na minong'ono ya majirani. Kamusi ilikuwa upande wa kijana. Mtaa ulikuwa upande wa nyanya. Kilichomuuma zaidi ni kwamba siri ambayo mwalimu mwenyewe hakuijua ilikuwa imelazimika kutolewa mlangoni, mbele ya mgeni, ili kuijibu karatasi yake.

"Tusamehe, nyanya," alisema. "Tulikuwa tukisema korona."

"Basi mngesema korona."

Tangazo la pili liliandikwa pale pale, juu ya stuli ya nyanya. "Mtoto akiwa na homa, kikohozi au shida ya kupumua, abaki nyumbani nanyi mtuarifu. Akipimwa akapatikana na korona, atapumzika hadi apone, kisha atarudi darasani. Hakuna atakayeulizwa kuhusu dawa anazotumia." Kijana alimsomea nyanya kwa sauti. Bibi kizee alisikiliza hadi mwisho, akainua kidole.

"Hilo la dawa liondoe. Mkiliandika, watu wataanza kuulizana ni dawa za nani."

Kijana alilifuta. Mhariri wake wa kwanza hakuwa mhadhiri.

Wanaosomea lugha hii hukesha wakibishania istilahi: iundwe, ikopwe au itoholewe? Ni mjadala wa haki, lakini haujatimia mpaka neno lipelekwe kwa yule litakayemfikia, aulizwe amesikia nini. Tangazo la afya lisiloeleweka haliishii kuwa kosa la sarufi. Linaweza kumfungia mtoto nyumbani.

Jumatatu iliyofuata mvulana alifika langoni mapema. Alinawa mikono, akavuta barakoa juu ya pua, akainua uso kuelekea kipimajoto. Mwalimu wa zamu alisoma nambari, akasema, "Ingia." Akaingia.