Neno Nililolisikia Vibaya

Katilu, Turkana Kusini
Februari 9

Mjukuu wangu mpendwa,

Mguu wa nyanya yako umepoa, na mtama wa kando ya mfereji umeanza kutoa masuke. Barua yako ililetwa na dereva wa matatu siku ya Jumanne. Niliisoma mara mbili peke yangu chini ya mkoma, kisha nikamsomea nyanya yako. Yeye aliuliza jambo moja tu, kama wazazi wa wale wasichana wengine watatu wamekubali. Mjibu hilo upesi, maana hapati usingizi.

Mimi nimefurahi. Nalisema mwanzoni kabisa, kwa sababu yatakayofuata ni maonyo mengi, nisije nikaonekana mzee wa kukataza. Wanafunzi kumi na wawili na walimu wawili, baiskeli kutoka Katilu hadi Kakuma katika likizo ya Aprili, mkichangisha pesa za matangi ya maji ya shule ya msingi. Ningekuwa na magoti ningekuja.

Lakini kuna neno katika kadi yenu ya mchango lililonikwama kooni. Mmeandika kwamba mtapita “nyika tupu isiyo na watu.” Hiyo nyika tupu iko wapi, mjukuu wangu? Kitovu chako kimezikwa hapa, hatua chache kutoka mto Turkwel. Unajua kwamba kila lagga, kila mkondo huo wa mchanga unaopitisha maji wakati wa mvua tu, ina jina, na kisima kilichochimbwa mchangani kina mwenyewe. Hata miti ya kando ya mto ina wenyewe. Wazee wanaita ekwar, haki ya familia juu ya sehemu fulani ya miti, na mtu hakusanyi maganda ya ewoi kulisha mbuzi wake kabla hajauliza. Neno hilo la nyika tupu mmeliandika kuwapendeza wachangiaji wa mbali. Lifuteni. Nina sababu yangu ya kusema hivyo, na baba yako anaijua nusu tu.

Mwaka 1987 nilikuwa mhudumu wa chanjo. Nilikuwa na Black Mamba, ile baiskeli nyeusi ya chuma isiyo na gia, na kwenye keria nilifunga kwa mipira ya tyubu kuukuu sanduku la chanjo ya surua. Chanjo ile inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8 za joto, nayo jua la huku unalijua. Kila baada ya mwendo kidogo nilikuwa nashuka, naligusa sanduku kwa kiganja kama anayepima homa ya mtoto, napanda tena. Nilikuwa na haraka, na haraka yangu ilikuwa ya heri. Watoto walikuwa wakinisubiri.

Karibu saa sita mchana, kati ya hapa na Lokichar, nikamwona mama mmoja chini ya mti, shanga zimempanda shingoni hadi kidevuni. Aliponiona akainuka, akapunga fimbo, akapaza sauti. Upepo ulikuwa unayachukua maneno yake, likanifikia moja tu: ngakipi. Maji. Nikajisemea, anaomba maji, na chupa yangu ni moja. Nikampungia mkono, nikakanyaga pedeli.

Mbingu ilikuwa nyeupe, hata wingu la ukubwa wa kiganja halikuwepo. Niliingia laggani nikiisukuma baiskeli, maana mchanga ulikuwa unameza magurudumu hadi nusu ya spoki. Nilipofika katikati nikasikia kama lori linakuja. Nikageuka kutazama barabara. Hakukuwa na lori. Maji yalitokea kwenye kona ya lagga kama ulimi wa povu, yamebeba vijiti na samadi ya mbuzi, yakanifika kwenye vifundo vya miguu, nami nikapata muda wa kushangaa. Kisha yakawa kiunoni. Mvua ilikuwa imenyesha milimani, mbali, asubuhi ile au usiku wake, na huku sisi tulikuwa na jua.

Yule mama na wanawe wawili ndio walionitoa, kwa kamba ya ngozi waliyokuwa wakifungia mizigo ya punda. Hakuwa ameniomba kitu. Alikuwa ananiambia maji yanakuja. Na neno lake nililisikia vizuri kabisa, mjukuu wangu, ila kichwani mwangu mtu aliyesimama kando ya njia na kupaza sauti alikuwa na kazi moja tu, kuomba. Sanduku la chanjo lilikwenda na maji. Baiskeli waliipata siku tatu baadaye imefukiwa kwenye tope, wakaniletea. Nilitaka kumpa pesa akakataa. Aliuliza chanjo italetwa tena lini, kwa sababu alikuwa na mjukuu mchanga.

Nimeishi na jambo hilo miaka mingi, na sasa ninyi mnakwenda kwa ajili ya maji.

Kwa hiyo swali langu la kwanza: watu wa ile shule mmewauliza? Simaanishi kumpigia mwalimu mkuu simu na kumwambia mnaleta matangi. Nani atakataa matangi? Namaanisha kwenda, kukaa kivulini na akina mama wanaobeba mitungi, na kusikiliza. Fanyeni hesabu hii darasani. Mvua ya Lodwar kwa mwaka mzima ni kama milimita 200. Paa la mita za mraba 100 likipokea mvua hiyo yote bila tone kupotea, ni lita 20,000 kwa mwaka. Gawanyeni kwa watoto mia tano mwone kila mmoja anapata ngapi. Huenda kinachotakiwa ni bomba la kutoka kisima kirefu kilichopo, au kipuri cha pampu iliyokufa, au tangi pamoja na mtu wa kulisafisha. Wao ndio wanaojua.

Huku tumeshapokea mengi ambayo hayakuulizwa. Barabara ya kutoka Kitale hadi Lodwar ilijengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Norwei, na ilitufaa sana. Wagonjwa wetu walipona kwa sababu ya barabara ile. Lakini Wanorwei hao hao walijenga kiwanda cha kugandisha samaki kule Kalokol, kando ya Ziwa Turkana. Kiwanda kilitaka umeme mwingi na maji safi mengi, mahali ambapo vitu hivyo viwili ndivyo haba kuliko vyote, na ghuba iliyokuwa ikitoa samaki ikapungua maji hadi ikakauka. Mti wa mathenge nao uliletwa uzuie jangwa. Sasa umeziba njia za mifugo na kingo za mito. Baringo mwaka 2006 wafugaji walifika hadi mahakamani Nairobi na mbuzi aliyeng’oka meno kwa kula maganda yake. Walioleta vitu hivi hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na haraka ya heri, kama mimi.

Huo mathenge mtakutana nao kwa namna nyingine. Mwiba wake ni mrefu kama kidole na hupenya tairi mpaka tyubu. Unapong’oa, tia alama mahali ulipoingia kwanza, na pitisha kidole ndani ya tairi taratibu, maana ncha hukatika ikabaki, ukaziba pancha ya kwanza ikaja ya pili palepale. Kila mmoja abebe tyubu mbili na viraka, na ajue kuviweka mwenyewe. Na mkipumzika, baiskeli zilazwe juu ya lami au kwenye changarawe, zisiingizwe vichakani kutafuta kivuli. Kivuli ni chenu.

Mwendo: kutoka hapa hadi Lokichar mtamaliza asubuhi moja. Lokichar hadi Lodwar ni zaidi ya kilomita 80, na Lodwar hadi Kakuma ni kama 120. Hiyo ya mwisho igawanyeni siku mbili, hata kama wavulana watasema wanaiweza kwa moja. Ondokeni mara kunapopambazuka, saa nne muwe mmeshuka kivulini, na msipande tena kabla ya saa kumi jioni. Kila mtu anywe kabla hajasikia kiu. Lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chumvi. Mchanganyiko huo nimewapa watoto wa kuhara kwa miaka mingi, na mwili uliotoka jasho kutwa unauhitaji vilevile. Mtu akiacha kutoka jasho, au akianza kuongea ovyo, msimwambie ajikaze. Mlazeni, mmwagieni maji, mpungieni, na gari la walimu lije mara moja.

Umeniandikia kwamba kwenye bweni mmebandika picha ya Biniam Girmay wa Eritrea, yule aliyeshinda hatua tatu za Tour de France mwaka 2024. Vizuri. Basi mtazameni vizuri, mwone kwamba kabla ya zile mita za mwisho kuna wenzake wanaokata upepo mbele yake. Anayeongoza huchoka zaidi kuliko anayefuata nyuma yake, kwa hiyo pokezaneni. Na kasi ya kundi iwe ya yule wa mwisho. Mwekeni nyuma yake mtu mzima, asiwahi kubaki peke yake barabarani.

Aprili ni mwezi wa mvua. Lagga ikiwa na maji, hata ya kifundoni, mnasubiri. Kuna madaraja na vivuko vya saruji kwenye lami, na ndivyo vinavyodanganya watu. Mbingu ya juu yako haikuambii kitu kuhusu lagga. Anayejua ni mtu anayekaa kando yake.

Kuhusu usalama nitasema kidogo, kwa kuwa walimu wenu wanalijua suala hilo. Anzieni hapa mwelekee kaskazini, msiongeze kipande cha Kainuk kwa kutaka safari ndefu. Machifu wa kila mahali wapewe habari mapema, na msisafiri gizani. Sisi na jirani zetu Wapokot tumezikana mno kwenye barabara ile. Lakini usikue ukimchukia mtu. Tegla Loroupe ni Mpokot, alishinda mbio za New York mwaka 1994, na tangu 2003 amekuwa akiandaa mbio za amani zinazowaweka vijana waliowahi kunyang’anyana ng’ombe kwenye mstari mmoja wa kuanzia. Alikuja pia Kakuma kutafuta wakimbiaji kambini. Rio 2016, timu ya kwanza ya wakimbizi katika Olimpiki ilikuwa na wanamichezo kumi, na watano kati yao walikuwa wametoka kambi hiyo ya hapa kwetu. Rose Nathike Lokonyen ndiye aliyebeba bendera.

Nakutajia hao ili mkifika Kakuma, mkaiona milima ya Pelekech na mkondo wa Tarach, msiingie kama watu waliokuja kutazama shida. Kambi ile ipo tangu 1992. Kuna watu wamezaliwa pale, wamesoma pale, wamezaa pale. Siku hizi mgao wao wa chakula umekuwa ukipunguzwa, na Waturkana wanaoishi kandokando wana njaa yao wenyewe. Msimpige mtoto picha kabla ya kumjua jina na kumwomba mama yake. Mkikaribishwa chai, kunyweni, hata mkiona wazi kwamba sukari hiyo ndiyo ya mwisho. Kumkatalia mtu ukarimu wake ni kumwambia hana cha kutoa.

Pesa sasa. Mtalala Lodwar usiku wa pili. Pale ndipo Jomo Kenyatta alipowekwa chini ya ulinzi wa serikali ya kikoloni kuanzia 1959 hadi 1961, kabla ya kuja kuifanya harambee kuwa wito wa nchi nzima. Nimehudhuria harambee nyingi tangu wakati huo, na nimeona jinsi mchango unavyokufa. Haufi kwa wizi mkubwa. Hufa kwa shilingi mia ya soda, mia mbili ya mafuta, na daftari linalosahaulika nyumbani kwa mtu. Chagueni mweka hazina ambaye si rafiki wa kiongozi. Gharama za safari zichangwe kando, mapema, na mchangiaji aambiwe ipi ni ipi. Mkirudi, someni hesabu yote kwenye baraza la chifu hapa Katilu, kwa sauti, mbele ya akina mama waliotoa hamsini hamsini. Wataelewa kila tarakimu.

Nimemwomba fundi wa baiskeli pale sokoni ainyooshe ile keria yangu ya zamani. Itaingia kwenye baiskeli yako ukibadilisha skrubu mbili. Njoo uichukue Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na uje na majibu ya nyanya yako.

Yule mama wa laggani alifariki zamani. Yule mjukuu wake mchanga, niliyerudi kumchanja kwa miguu baada ya wiki mbili, sasa ana watoto wanne na anauza chai kando ya barabara, upande wa Katilu wa lagga ile ile. Utamtambua kwa pengo la meno ya mbele na kwa kibanda cha makuti ya mkoma. Nimempelekea habari kwamba mnakuja, na kwamba hakuna atakayevuka kabla hajamuuliza yeye. Akaniuliza mko wangapi, ili ajue achemshe maji kiasi gani. Nimemwambia kumi na wanne.

Mimi babu yako