Bunia: Mtoto Anapoacha Ziwa

Bunia yetu iko kati ya njia mbili. Moja inakwenda Mongbwalu kwenye zahabu, karibu kilometa 80. Ingine inatelemka kwa Bogoro mpaka Kasenyi, kando ya Ziwa Albert. Ile ya kwanza inaita wazazi. Ya pili inatuletea samaki.

Mama akiitwa na machimbo, pengine anaachisha mtoto kwa siku moja. Anapaka pilipili kwenye ziwa, kesho anamwachia nyanya, anapanda pikipiki. Huko njiani maziwa yanajaa na kuuma. Huku mtoto analia, anakataa kula. Akizoezwa bugali ya muhogo tupu, miguu inavimba, nywele zinageuka rangi. Ni kwashiorkor, neno la Waga wa Ghana: ugonjwa wa mtoto aliyepishwa na mdogo wake.

Mama, wende polepole. Kutoka miezi 6 mtoto anaonja chakula, lakini OMS inashauri anyonye mpaka miaka 2 na kupita. Saa ya kuachisha, ondoa kunyonya kumoja kwa mchana. Mpe uji wenye samaki kavu wa kusagwa, ao maharagi. Ngoja siku kadhaa, ondoa kungine. Kwa usiku kuwe kwa mwisho. Akigonjwa, ngoja kwanza.

Abrahamu alifanya karamu kubwa siku Isaka alipoachishwa (Mwanzo 21:8). Na sisi tumkaribishe mtoto mezani kwa furaha. Zahabu imelala udongoni tangu zamani. Itangoja majuma machache.