Agano na Njaa

Mwaka 376 Wagothi, waliofurushwa makwao na Wahun, walijaa ukingoni mwa Danube wakiiomba Roma hifadhi. Kaizari Valens aliridhia, alihitaji askari. Wakavuka. Ng'ambo waliwakuta maofisa waliowauzia mbwa wa kula, kila mbwa kwa mtu mmoja, hata mtoto, aliyekwenda utumwani. Wagothi wakaasi, na mwaka 378, huko Adrianople, Valens aliuawa vitani, na maiti yake haikuonekana tena.

Nayasoma haya Kahawa Sukari, mahali ambapo zamani ilichanua mibuni, na moyo unakataa kubaki Danube. Unakwenda Dagoretti, Oktoba 1890, ambako Mwingereza Lugard na Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa Wakikuyu, wanakula kiapo cha undugu. Lugard akajenga ngome pale, kisha akashika njia ya Uganda. Waliobaki ngomeni walikuwa na bunduki na walikuwa na njaa, na chakula cha wenyeji kikaanza kuchukuliwa kwa nguvu. Ngome ikahamwa, ikachomwa, nyingine ikajengwa. Mwaka 1892 Waiyaki alikamatwa, akasafirishwa kuelekea pwani, akafia njiani, Kibwezi.

Nani hapa ni Mrumi, nani Mgothi? Kule mgeni alikuja na njaa, mwenyeji akiwa na jeshi. Hapa mgeni alikuja na njaa na jeshi pia.

Lakini si vita vinavyoninyima usingizi. Ni ile siku moja, isiyo na tarehe, katikati ya kiapo na moto: siku ambayo mtu aliingia shambani mwa mwenzake na kuondoka na mzigo, bila kulipa, bila kuaga. Je, agano lilikufa siku hiyo? Au lilizaliwa likiwa limekufa? Napenda kuamini kwamba wale wawili waliapa kwa dhati. Imani hiyo hainipi faraja. Inaniumiza zaidi, kwa kuwa basi hata kiapo cha kweli hakikutosha.

Mwaka 382 Kaizari Theodosius aliwapa Wagothi mkataba mpya, na ardhi ndani ya dola. Mama aliyemtoa mwanawe akapewa mbwa, aliupokeaje? Habari za mbwa tumeachiwa na Ammianus, askari wa Roma. Wagothi walikuwa na herufi zao, alizowabunia Ulfila ili wasome Biblia kwa lugha yao, ila sauti ya mama huyo haikutufikia. Kiapo cha Dagoretti nacho kiliandikwa na Lugard. Waiyaki hakuacha karatasi.

Jirani yangu ni Chuo Kikuu cha Kenyatta. Hadi 1965 palikuwa kambi ya Waingereza, kambi ya Templer. Leo vijana wanaingia hapo na vitabu kwapani, na nafurahi kuwaona. Kambi tulikabidhiwa. Je, ule moyo wa Waiyaki, wa kumpa mgeni mahali pa kujenga kwa sababu tu wameapa pamoja, tungeudai kwa nani?