Ua la Mgomba

Ukisema umewahi kuishi India, watu wa mjini wanakuuliza mambo mawili: filamu na pilipili. Wengine wanataka uwaimbie papo hapo. Mimi nilikaa huko toka mwaka 2008 mpaka mwishoni mwa 2011, nilikwenda nikiwa na miaka saba, na wimbo wa filamu sijui hata mmoja wa kuumaliza. Zile filamu wanazoziwaza ni za Kihindi. Sisi tulikuwa kusini, Coimbatore, katika jimbo la Tamil Nadu, ambako Kihindi chenyewe ni lugha ya wageni. Huko ni Kitamil tu, mwanzo mwisho.

Tulimfuata mzee. Alikuwa bwana shamba, na miaka ile mnyauko wa migomba ulikuwa umeingia mkoani Kagera ukitokea upande wa Uganda. Msomaji ambaye hajakulia kwenye migomba anaweza asielewe. Ugonjwa huu haumwachii mtu kitu. Majani yananyauka, ndizi zinaiva kabla ya wakati wake na ukizipasua ndani zimeoza, na dawa hakuna. Kazi ya mzee ilikuwa kuzunguka vijijini akiwaambia watu wakate lile ua jekundu linaloning'inia chini ya mkungu, maana nyuki na wadudu wengine hutua pale wakasambaza ugonjwa. Tena wasitumie kisu, watumie mti wenye panda, kwa kuwa kisu nacho hubeba ugonjwa toka mgomba hadi mgomba. Basi akapata nafasi ya kusomea magonjwa ya mimea kwenye chuo kikuu cha kilimo kilichoko Coimbatore. Wenzake waliopata nafasi kama hizo waliacha mke na watoto nyumbani. Mzee alikataa. Tukatoka Nyakatuntu ya Karagwe, tukapanda MV Victoria Bukoba mpaka Mwanza, na safari ikaendelea. (Mwaka 2012, tukiwa tumesharudi, Kyerwa ikawa wilaya, kwa hiyo nimeishi katika wilaya mbili bila kuhama nyumba.)

Safari yenyewe sitaisimulia. Nimeshajaribu kuandika riwaya juu yake mara tatu, na treni na tembo wa hekaluni, na kila mara nikifika ukurasa wa ishirini hivi mama anaingia, anakaa chini, na hadithi inasimama. Ndiyo maana leo namwandika yeye moja kwa moja.

Mama wa Nyakatuntu alikuwa mtu wa maneno. Ukiwa bondeni unachota maji ulimsikia anavyocheka na wenzake wakianika kahawa. Coimbatore alinyamaza. Mzee alikuwa na Kiingereza chake cha chuoni. Mimi Kitamil nilikiokota barabarani kwa watoto wenzangu, na baada ya miezi sita hivi nilikuwa nagombana nacho bila shida. Mama alikuwa na Kinyambo na Kiswahili, na katika mtaa ule wote wa kuongea nao lugha hizo tulikuwa wawili tu, mmoja yuko chuo na mwingine yuko shule.

Alijaribu, msiseme hakujaribu. Siku moja alitaka majani ya mgomba ya kufunikia chungu, kama tunavyofanya kwetu. Sokoni yalikuwepo tele, maana Watamil hulia chakula juu ya jani la mgomba, kwenye harusi hata watu mia tano. Jani kwa Kitamil ni *ilai*. Mama akalikazia ile l kidogo, akasema *illai*, ambayo maana yake ni hapana, hakuna. Muuzaji anamwonyesha majani, mama anasema hapana. Anamwonyesha mengine makubwa zaidi, mama anasema hapana tena, huku amenyoosha mkono kuyapokea. Watu wakajaa. Alirudi mikono mitupu, na toka siku ile akitaka kwenda sokoni alinisubiri nitoke shule.

Nikawa mdomo wake, na mdomo una mamlaka, jamani. Siku moja mwenye nyumba alikuja kuchukua kodi, akamtazama mama alivyosimama mlangoni kimya, akaniuliza kama mama yangu ni bubu.

"Anasemaje?" mama akauliza.

"Anauliza kama maji yanatoka."

"Mwambie yanatoka asubuhi tu."

Nikamgeukia yule bwana nikamwambia kwa Kitamil kwamba maji yanatoka asubuhi tu. Alinitazama kwa muda, halafu akaandika risiti. Nilikuwa na miaka minane. Mpaka leo sioni kosa katika tafsiri ile.

Ndizi ndizo zilizomuumiza zaidi. Mzee alimweleza kwamba ndizi asili yake ni Asia, zilivuka zikaja Afrika zamani sana, kwa hiyo tuko kwenye chimbuko lake. Mama akamjibu, "Kama kwao ni huku, mbona haziivi kama za kwetu?" Alikuwa na haki. Matoke yetu ya nyanda za Maziwa Makuu yalijitengenezea ukoo wake huku huku, na Coimbatore hayapo. Kuna ndizi nyekundu, kuna ndizi ndogo tamu za Poovan, na ya kupika kuna Monthan, nene yenye pembe. Mama alipika Monthan na maharage. Tulikula. Yeye alionja mara mbili akaiacha sahani.

Nyumba ya pili alikuwepo bibi mmoja mjane. Sisi watoto tulimwita Paati, yaani bibi. Asubuhi moja, ya siku ya mapumziko, Paati alikaa barazani kwake na kapu la yale maua mekundu ya mgomba, yale yale ambayo mzee alitoka jasho kuwaambia watu wayakate. Kule yanauzwa. Yanapikwa. Mama aliyaona akasimama. Halafu akavuka uwanja, akakaa chini bila kukaribishwa.

Kazi yenyewe inachosha. Unafunua gamba jekundu, chini yake vimejipanga viua vyembamba kama vidole vya mtoto. Kila kimoja unakitoa kijiti kigumu cha katikati na kigamba kidogo chenye kung'aa kama nailoni, maana hivyo haviivi. Kisha unavikata vidogo vidogo na kuviloweka kwenye mtindi uliozimuliwa, visiwe vyeusi. Paati alimwonyesha kimoja. Mama akafanya. Paati akakichukua, akakikagua, akatikisa kichwa ile namna yao ambayo mgeni hajui kama ni ndiyo au siyo. Mama alijua.

Nikaenda kusimama karibu, tayari kwa kazi yangu. Hakuna aliyeniuliza neno. Walikaa pale mpaka jua likapanda, Paati akisema Kitamil chake, mama akimjibu kwa Kinyambo, tena maneno marefu, habari za migomba ya mama yake mzazi na nani alifiwa na nani. Hawakusikilizana hata kidogo, kwa maana ya lugha. Mama alicheka. Nilikuwa sijausikia ule mcheko tangu meli ya Bukoba. Nami, nisifiche, niliona wivu. Nikaenda kucheza kriketi.

Baada ya hapo alikwenda karibu kila siku. Kitamil chake hakikuwahi kunyooka, na *ilai* aliikosea mpaka tunaondoka, lakini sokoni alikuwa anakwenda na Paati, mimi nikabaki na shule yangu.

Tuliporudi Nyakatuntu, bibi mzaa baba aliniongelesha Kinyambo nikamjibu kwa maneno matatu manne yaliyobaki. Mama ndiye aliyekuwa akinitafsiria, jioni, jikoni, sentensi moja moja. Mzee alirudia kazi yake ya kukatisha watu maua, na mama akawa anatoka nyuma yake na kapu, ila kwenye migomba mizima tu. Majirani walisema India imemharibu. Bibi alionja mara moja, akasema ni chungu, akaomba chumvi, akaendelea kula.