Uani Petu Panakalika Mwaka Mzima

Akina mama wenzangu, wengi wetu hapa Dar es Salaam tuna ua nyuma ya nyumba, hata kama ni mdogo. Sebuleni tunapanga viti na vitambaa, lakini uani tunapaachia kamba ya nguo, ndoo zilizopasuka, na jiko la mkaa linalohamishwa kila mvua ikianza. Kwetu nako kulikuwa hivyo, hadi mwaka 2017 mama mkwe wangu alipopooza upande wa kulia tukamchukua aje kukaa nasi.

Mama ni mtu wa shamba. Maisha yake yote alikuwa akiamka na kutoka nje. Kwetu akawa wa kutazama dari tangu asubuhi hadi jioni. Siku moja nilipompelekea uji akaniambia, "Mwanangu, mnanitunza vizuri, ila mmeniweka humu kama gunia la mahindi."

Wakati huo mume wangu alikuwa amekwisha kununua tofali za kujengea vyumba viwili vya kupangisha hapo hapo uani. Kodi yake ingetusaidia karo za watoto, nami nilijua hilo vizuri. Nikamwambia, "Baba, vyumba tunaweza kujenga mwaka wowote. Mama hatujui tunaye miaka mingapi." Hakunijibu. Siku ya tatu, tukiwa mezani, akauliza, "Hilo banda lenyewe litakuwa na ukubwa gani?"

Tuliishi katika nyumba ile miaka tisa, kwa hiyo ua tuliujua. Kabla ya kumwita fundi tulikaa na karatasi tukaandika mambo matatu: jua linapita wapi, upepo unatoka wapi, na maji ya mvua yanaelekea wapi.

Dar es Salaam iko kusi ya ikweta kwa digrii karibu 7. Kwa sababu hiyo jua la adhuhuri mwezi wa Juni huwa upande wa kaskazini, na mwezi wa Desemba huwa upande wa kusini. Mahali penye kivuli cha ukuta mwezi wa Juni panaweza kuungua Desemba. Lakini jua la alasiri ni la magharibi siku zote, nalo huingia hata chini ya paa. Basi upande wa magharibi tukauzibia ukuta mfupi kwa zile tofali za vyumba, na juu yake tukatandaza mpasheni upande kwenye waya.

Upepo nao una zamu. Kusi huvuma katikati ya mwaka, na kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi. Ila zote mbili, mchana, hutujia zaidi kutoka upande wa bahari, yaani mashariki. Kwa hiyo viti vikakaa mashariki na jiko magharibi, ili moshi umkimbie mgonjwa badala ya kumfuata. Tuliweka na bomba la kupitisha moshi juu ya paa, maana jirani wa nyuma naye ana watoto. Kuwa na mahali pakavu pa kupikia nje kuna faida nyingine: wakati wa mvua huna haja ya kuingiza jiko la mkaa ndani. Hewa yenye sumu ya mkaa haina harufu, nayo huua watu wakiwa wamelala.

Paa ni la bati, mita 4 kwa 5. Upande mmoja tuliuinua mita 3 na mwingine mita 2 na nusu, ili joto litoke na maji yakimbilie kwenye mfereji. Hesabu ya maji ni rahisi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya milimita 10 tu juu ya paa hilo ni lita 200, yaani pipa zima. Lakini pipa lazima lifunikwe vizuri. Jiji letu lilipata mlipuko wa homa ya dengi mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wa ugonjwa huo huzaliana katika maji yaliyotuama karibu na nyumba, naye huuma mchana.

Sakafu tulimwomba fundi aishushe sentimita 2 kwa kila mita, maji yasisimame. Kabla zege halijakauka aliipitishia fagio la chelewa ili iwe na mikwaruzo, kwa maana mzee akiteleza mara moja tu inatosha. Mlango wa nyuma ulikuwa na vidato viwili, jumla sentimita 30. Tulivivunja tukaweka mteremko wa mita 3 na sentimita 60, yaani sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita moja ya kupanda, na bomba la kushikilia upande wa kushoto, mkono wake mzima. Kando ya ukuta tukajenga baraza la sentimita 45 kwenda juu. Kiti kifupi kuliko hapo humtesa mzee anapotaka kuinuka.

Masika tunashusha turubai upande unaopiga mvua, na watoto wanaandika kazi zao za shule hapo hapo. Juni na Julai, asubuhi kukiwa na ubaridi, Mama anakaa ukingoni aote jua. Joto la Januari na Februari, hata chakula cha usiku tunalia nje.

Sitaki kuwadanganya kwamba amepona. Mkono wa kulia haujarudi. Lakini ametuamuru tumwekee matuta mawili ya mchicha karibu na baraza, na kwa mkono wa kushoto anachambua mboga, anapukuchua kunde, na kumgombeza kila anayepika wali kwa haraka. Majirani wanaokuja kumwona hukaa saa nzima, ambapo zamani walisimama mlangoni pa chumba dakika tano wakaondoka.

Vyumba vya kupangisha hadi leo hatujajenga, na kila muhula wa shule unapoanza tunaikumbuka kodi ile. Kama nawe una ua na unawaza uufanyie nini, usianze na bei ya bati. Anza na mtu wa nyumbani kwako anayekaa ndani kuliko wote, umpime urefu wa kiti chake, upana wa mlango wake, na hatua anazoweza kwenda. Fundi mpe vipimo hivyo kwanza.