Vitesi ya Tano

Katika daftari langu la memwari kuna safu mbili. Ya kushoto ina maneno ya Kiswahili sanifu: giaboksi, klachi, gereji. Ya kulia ina maneno ya fundi mmoja wa Katuba: buati, ambreyaji, garaji. Mwalimu mmoja alipoitazama safu ya kulia alicheka, akasema hiki si Kiswahili, ni Kifaransa kilichovaa kitenge. Nilinyamaza, maana ni mkubwa wangu. Lakini giaboksi nayo ilitoka wapi, kama si kwa Waingereza?

Maneno hayo sikuyaokota vitabuni. Niliyapata chini ya gari la marehemu baba, Peugeot 504 Coupé, gari la milango miwili lililochorwa na Pininfarina wa Italia na kuonyeshwa Geneva mwaka 1969. Wakenya wanalikumbuka kwa sababu nyingine: mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas alishinda Safari Rally akiendesha 504 Coupé ya V6. La baba si V6. Lina silinda nne, sentimita za ujazo 1971, na lilikuwa na buati ya vitesi nne. Tangu tumzike, lilikuwa limelala uani chini ya mwembe, na mama alikuwa amechoka kulizunguka kila akienda kuanika nguo. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuja mara mbili. Mara ya pili mama alimwambia arudi mwisho wa Agosti, kisha akanigeukia: "Kama haitembee, inaenda."

Fundi wetu tunamwita Papa tu. Kazi aliijifunza zamani katika karakana za Gécamines, na haamini mtu anayeandika akiwa amesimama. Siku ya kwanza nilipotoa simu nimrekodi, aliweka ufunguo chini. "Mutoto, unaandika kinywa yangu, mikono yangu unaiacha?" Tangu hapo nilinawisha vyuma kwa mazutu kwanza, daftari baadaye. Nadhani ni utaratibu mzuri wa utafiti kuliko mingi niliyofundishwa.

Alipoifungua buati ya zamani alinionyesha vitesi ya pili. Meno yalikuwa yameliwa. "Hii iko natapika," alisema, maana yake unaitia nayo inajitoa yenyewe. Nyingine ya namna hiyo haikupatikana mjini. Iliyopatikana ilikuwa Likasi, kwenye 505 iliyopigwa ubavuni: buati ya vitesi tano.

Kichwani mwa injini hakukuwa na shida. Injini ya ile 505 ni ya ukoo mmoja na yetu, tundu kwa tundu. Shida ilikuwa nyuma. Katika Peugeot hizi, mtaimbo unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma unazunguka ndani ya bomba la chuma, na bomba hilo limeshikana na buati mbele na difu nyuma kama mfupa mmoja. Sasa, kati ya gurudumu la mbele na la nyuma 505 ina mita 2.74. Coupé ina 2.55. Kwa hiyo bomba la 505 lilitupita sentimita 19, na bomba letu la zamani nalo halikufaa, kwa kuwa buati ya tano ina mkia mrefu zaidi. Ikabidi kukata: bomba kwanza, kisha mtaimbo wenyewe, na kuuunga tena ukiwa umenyooka kabisa. Ukipinda hata kidogo, gari litatetemeka mpaka meno yako. Papa alikwenda kwa rafiki yake mwenye mashine ya kukereza, wakaushinda mchana mzima wakiuzungusha taratibu, wakigonga, wakipima, wakigonga tena. Sikuandika kitu siku ile.

Jioni nikagundua kwamba neno pekee la Papa lililofanana na safu ya kushoto lilikuwa "bomba". Hilo nalo ni la Wareno.

Lakini hoja yangu kwa yule mwalimu haiko kwenye majina ya vyuma, iko kwenye vitenzi. Papa anasema tunademonte, utaambreye, hakudemonte. Kitenzi cha Kifaransa kinaingia na irabu yake ya mwisho, kinavikwa viambishi vyetu vyote, na katika ukanushi irabu ile haiguswi. Linganisha na kusamehe: nasamehe, sisamehe. Kusamehe kilitoka Uarabuni, nacho kilikataa kubadili mwisho wake, na leo hakuna anayekifukuza. Wingi nao: buati, mabuati. Sarufi hiyo si ya Paris.

Johannes Fabian alionyesha, katika kitabu chake cha mwaka 1986, jinsi Kiswahili cha Katanga kilivyokuzwa pamoja na utawala na migodi. Makambi ya Union Minière yalikusanya watu wa Kasai, wa Rwanda na Burundi, na wa nchi ambayo leo ni Zambia. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilisanifisha Kiswahili cha Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar juu ya msingi wa Kiunguja, sisi hatukuwamo. Vyuma vyetu tulivipa majina kwa lugha ya waliotuletea, kama Dar es Salaam walivyofanya.

Tarehe 23 Agosti tulitoka na gari kuelekea Likasi, mama amekaa mbele, Papa nyuma magoti kidevuni. Vitesi ya nne inazungusha mtaimbo sawasawa na injini. Ya tano inauzungusha haraka kuliko injini, na injini inapumua. Kirungu cha baba hatukukibadilisha, kina tarakimu nne tu, kwa hiyo ya tano unaitafuta kwa mkono. Niliipata. Mngurumo ukashuka, mama akaacha kushika mlango.

"Baba yenu hakujua hii," alisema. Halafu, baada ya kilomita kadhaa: "Yule wa vyuma, umwambie asirudi."

Nyuma ya buati bado panadondoka mafuta. Jumamosi tutademonte tena.