Hiari ya Muziki Nyumbani

Katika nyumba za kupanga za Mabibo, ukuta hutenga vyumba lakini hautengi sauti. Tangu Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kutangaza mwaka 1951 mpaka redio za watu binafsi zilipozuka katika miaka ya 1990, wengi walichaguliwa nyimbo na mtangazaji. Taarabu au dansi ilipokewa kama mgeni apokeavyo chakula cha mwenyeji. Leo simu moja huchukua sauti ya Siti binti Saad, aliyerekodi santuri Bombay mwaka 1928, gitaa la Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979, na singeli ya vijana.

Wingi huu ni neema, na neema hutaka adabu. Hiari ya mpangaji mmoja ni lazima kwa jirani zake: mlinzi aliyekesha kazini, mwanafunzi aliye katika mtihani, na mfiwa, ambaye haombi sauti ipunguzwe kwa kuwa heshima ya msiba haiombwi. Basi, kabla ya kuuliza ni wimbo gani upigwe, huulizwa ni nani atausikia bila ya kuuchagua. Aulizaye hivyo hakosi furaha yake. Huwaachia wengine amani yao.